Meseji za Kwemzizi

2 Machi

Nimenunua daftari hili dukani kwa Faraji. Bwana Rubeni, mkuu wa mradi wetu wa kupima mvua hapa Lushoto, ametaka kila mmoja aandike jinsi anavyofanya kazi yake, ili akija mwingine asihangaike. Nina miaka kumi na mmoja mbele ya kompyuta. Mgongo unauma, macho yanatoa machozi, na sidhani kama masika ya mwakani yatanikuta kwenye kiti hiki. Basi nitamwandikia huyo atakayekuja. Ila kazi tupu haiandikiki. Nitaandika na siku zenyewe.

Kazi ni hii. Vijiji arobaini na kimoja, kuanzia Mazinde kule chini barabarani mpaka Gare na juu zaidi, kila kimoja kina kipimo cha mvua na mtu wa kukisoma. Saa tatu asubuhi anasoma milimita, anatuma meseji. Mimi Esteria naziingiza kwenye kanzidata, kisha nachora ramani. Kijiji kikipata mvua kubwa siku tatu mfululizo kinakuwa chekundu, na wilayani wanawatangazia watu wahame chini ya miteremko. Hiyo ndiyo kazi yote.

La kwanza kukuambia: usichore kabla hujasoma jedwali. Picha ina tabia ya kukushawishi kwamba umeelewa.

3 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimepanga mafaili.

5 Machi

Kwemzizi imeandikwa kwa namna tatu: Kwemzizi, Kwe Mzizi, na mahali fulani Kwemziz. Kompyuta haijui kwamba ni kijiji kimoja. Kwake ni vijiji vitatu, vyote vina mvua kidogo. Nimetumia siku nzima kuvipa vijiji namba za utambulisho, kila kijiji namba yake. Majina yaachie watu. Kompyuta ipe namba.

Halafu nakala. Kila jioni nakili kanzidata nzima kwenye diski nyingine, uipe jina la tarehe, wala usiiguse tena. Mwaka juzi nilifuta mwezi mzima kwa kidole kimoja.

6 Machi

Baridi. Mama ameniandalia uji wa mahindi, nimeusahau mezani.

11 Machi

Bi Mwanamisi wa Kwemzizi amenipigia tena. Huyu ni mkulima wa karoti na kabichi, mwenye miaka kama hamsini na tano, ndiye msomaji wa kipimo cha kule. Wasomaji wengine wanatuma namba ya kijiji na milimita, basi. Yeye anatuma barua.

"Shikamoo, Bi Mwanamisi."

"Marahaba mwanangu. Umeipata meseji yangu?"

"Nimeipata. Lakini nilikuomba unitumie namba tu. Wewe umeniandikia habari za karoti kuoza."

"Si zimeoza kwa mvua? Wewe hupimi mvua?"

"Napima milimita, mama."

"Haya. Milimita kumi na nne. Na karoti zimeoza."

Nikacheka naye, nikakunja uso baada ya kukata simu. Kila siku meseji yake lazima niifungue kwa mkono, nitafute namba ndani ya maneno, niiandike upya. Vijiji arobaini naviingiza kwa saa moja na nusu. Kimoja kinanila nusu saa.

15 Machi

Wageni wanakuja kutoka Tanga wiki ijayo. Bwana Rubeni amesimama nyuma ya kiti changu akiangalia ramani.

"Haya madoa meupe ni nini?"

"Vijiji ambavyo havijatuma leo."

"Inaonekana kama kazi haijakamilika. Jaza."

"Nijaze nini? Hatujui mvua ilinyesha kiasi gani."

"Weka sifuri. Wakituma utarekebisha." Akapiga miayo. Naye hajalala, mkataba wa mradi unaisha Juni na anaandika maombi ya kuongezewa miaka miwili. "Esteria, hao ni wageni tu. Wataangalia dakika tano."

Ningeweza kumwambia kwamba sifuri maana yake nimeangalia nikakuta hakuna, na tupu maana yake sijui, na kwamba hivyo viwili havifanani hata kidogo. Ninalijua hilo tangu chuoni. Nilikuwa nimechoka. Nikaandika amri ya mstari mmoja: palipo tupu, soma sifuri. Madoa meupe yote yakawa kijani. Ramani ikapendeza kweli.

19 Machi

Wageni wameipenda ramani. Wamekunywa chai, wameondoka.

20 Machi

Niondoe ile amri ya sifuri. Kesho.

24 Machi

Nimeweka kichujio kwenye mlango wa kanzidata. Meseji yenye namba ya kijiji na milimita inapita na kujiingiza yenyewe. Meseji yenye kitu kingine chochote inapelekwa kwenye jedwali la pembeni, nimeliita "zilizokataliwa". Nitalipitia kila Ijumaa. Kazi ya asubuhi iliyokuwa saa mbili sasa ni dakika ishirini. Nimemweleza Bi Mwanamisi kwenye simu, pole pole, kwamba kuanzia leo ni namba tu. Akasema sawa, na papo hapo akanitumia ya leo upya, namba tu.

29 Machi

Ijumaa imepita, jedwali la pembeni sikulifungua. Mama ana homa.

2 Aprili

Mvua imeanza kwa nguvu. Kule Soni maji yamepita juu ya barabara. Kwa wewe utakayekuja: kwenye chati ya mvua anza mhimili na sifuri siku zote. Jana nilichora kuanzia arobaini, na mvua ya kawaida ikaonekana kama gharika. Na wastani wa wilaya usiuamini. Mazinde kukiwa kukavu na Gare kukafurika, wastani unakwambia mambo ni shwari.

5 Aprili

Kwemzizi milimita tisini na moja. Kubwa.

7 Aprili

Kwemzizi kimya tangu jana. Nimepiga simu moja, mtandao hakuna. Minara ya simu huku ikikosa umeme siku mbili inakufa. Labda amechoka kama mimi.

8 Aprili

Vijiji tisa vyekundu. Sijakaa.

9 Aprili

Naandaa orodha ya tahadhari. Wilayani wanaitaka kabla ya saa nane. Bi Mwanamisi amepiga mara mbili. Sijapokea. Nilijua nikipokea ni robo saa.

10 Aprili

Orodha imetoka jana. Vijiji kumi na viwili vimetangaziwa kuhama. Mvua inaendelea. Dirisha la ofisi linavuja, nimesogeza kompyuta.

11 Aprili

Mteremko wa Kwemzizi umeporomoka leo alfajiri.

Nyumba tano. Watu walikuwa wameshaamka, wengi wametoka mbio waliposikia mlima unanguruma. Mwanamke mmoja hakutoka. Anaitwa Yudith, mke wa Kristian fundi seremala. Wamempata saa sita mchana.

Kwemzizi haikuwa kwenye orodha. Nimefungua ramani ya tarehe tisa nikaitazama. Kijani. Kijani kibichi, katikati ya wekundu wote ule.

Bwana Rubeni aliingia na simu sikioni, wilayani walikuwa wanamsubiri. Akaziba simu kwa kiganja.

"Kwa nini Kwemzizi haikuwa nyekundu?"

Nikasema, "Mpimaji wa Kwemzizi hajatuma tangu tarehe sita."

Akairudia sentensi hiyo kwenye simu, neno kwa neno.

12 Aprili

Sentensi yangu imo kwenye taarifa ya awali. Imepigwa mhuri.

14 Aprili

Tumekwenda kumzika Yudith. Gari limetuacha njiani, tumepanda kwa miguu mwendo wa saa nzima, udongo unashika viatu. Palipokuwa na nyumba ni mtaro mwekundu kama kidonda, na chini kabisa mlango umesimama peke yake. Mchungaji alisoma haraka kwa sababu ya mvua. Waislamu wa kijiji ndio waliochimba kaburi, maana vijana wa ukoo wa Kristian walikuwa bado wanafukua vyombo.

Bi Mwanamisi alikuwa amesimama mbali, chini ya mti wa plamu, peke yake. Wanawake walipita mbele yake na mabeseni ya chakula, hakuna aliyemwambia neno. Binti wa miaka kumi na tano alipita bila shikamoo, na mama yake hakumgombeza. Huku kwetu mtoto asipoamkia anachapwa. Nikaelewa kwamba taarifa imeshafika.

Nikamwendea. "Shikamoo, Bi Mwanamisi."

"Marahaba." Hakuniita mwanangu. "Mwenyekiti ametusomea karatasi. Kwamba mimi sikutuma."

"Tangu tarehe sita hatukupata kitu, mama."

"Nilituma."

"Mtandao ulikuwa mbaya. Labda zilikwama."

"Simu inaniambia zimekwenda." Akaitoa kwenye kanga, kile kisimu cha vitufe. Kioo kimeingia maji, kimekuwa cheusi. Akakiangalia, akakirudisha. "Nilituma kila siku. Nikakupigia."

Nilidhani anajitetea, kama mtu yeyote angejitetea. Nikamwonea huruma, Mungu anisamehe. Nikateremka mlima nikimwonea huruma.

15 Aprili

Sikwenda kazini. Nimelala.

17 Aprili

Leo mchana nilikuwa natafuta sababu ya Gare kukosekana siku moja. Msomaji wa Gare ni kijana makini, akasema ametuma, ila aliandika "mm" mbele ya namba. Nikajua iko wapi. Nikafungua jedwali la zilizokataliwa, kwa mara ya kwanza tangu nilitengeneze.

Zilikuwamo meseji thelathini na nane. Ya Gare niliiona mara moja. Chini yake zilikuwa zimepangana tano, zote kutoka namba moja ya simu. Nazinakili hapa kama zilivyo. Usirekebishe kitu cha mtu kabla hujakihifadhi kama kilivyokuja. Hilo nalo liandike.

6 Aprili, saa 3:10 asubuhi. "Mwanangu leo namba sina. Kipimo kimejaa mpaka juu na maji yanamwagika pembeni. Mwisho wake ni 100 lakini mvua imezidi. Siwezi kukudanganya. Niandike ngapi?"

7 Aprili, saa 3:05. "Kimejaa tena kimemwagika. Mvua haijakata tangu jana. Naomba unijibu."

8 Aprili, saa 3:30. "Kipimo kimeng'olewa na maji. Nimeweka sufuria uani kwangu. Imejaa vidole vinane. Vidole vyangu si vinene."

9 Aprili, saa 2:15. "Juu ya nyumba za akina Kristian ardhi imepasuka mguu unaingia. Chemchemi imetokea mahali haikuwepo inatoa maji mekundu. Waambie wakubwa watuhamishe leo. Nakupigia hupokei."

10 Aprili, saa 12:40 jioni. "Nimewatoa watu jana wakalala shuleni. Leo mwenyekiti amesema orodha imekuja sisi hatumo, ramani ni kijani, wamerudi majumbani. Mwanangu wewe huko umeona nini?"

Nilikaa. Fatuma anayefagia ofisi aliingia, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Siku tano mtu aliniambia kila kitu. Aliniambia vizuri kuliko kipimo chochote kinavyoweza kusema, maana kipimo hakijui kwamba mguu unaingia. Mlango wangu ukasoma maneno, ukasema hii si namba, ukatupa pembeni. Pakabaki patupu. Na patupu nilikuwa nimepafundisha kusema sifuri. Kompyuta haikukosea hata mahali pamoja. Ilifanya mambo mawili niliyoiambia, moja kwa ajili ya wageni, jingine siku niliyochoka kusoma habari za karoti.

18 Aprili

Nimempelekea Bwana Rubeni karatasi tano. Alizisoma amesimama, akaketi, akazisoma tena. Ile ya vidole aliishika muda mrefu.

"Nani mwingine ameziona?"

"Wewe na mimi."

"Nilisema jaza," akasema. Sikutegemea aanze na hilo.

"Na mimi nikajaza. Na kichujio ni changu, hukuniambia."

Akavua miwani. "Esteria, wiki mbili zijazo wanaamua kama mradi unaendelea. Ukifungwa, vijiji arobaini na kimoja havina kipimo wala ramani. Subiri Juni. Juni nitaandika mwenyewe, naapa."

"Mpaka Juni Bi Mwanamisi ataishi vipi kule? Watoto hawamwamkii."

Akazipanga upya zile karatasi tano. Nimefanya kazi naye miaka sita nikimwona mtu wa ramani za kupendeza na vikao. Leo nilimwona akiitazama ile ya tarehe tisa. Naye ana mama kijijini, chini ya mteremko kama ule ule.

"Mimi sikutumi," akasema mwishowe. "Lakini sikuzuii."

20 Aprili

Nimeondoa amri ya sifuri. Vijiji visivyotuma sasa vina mistari ya kijivu na neno SIJUI juu yake. Ramani imekuwa mbaya kutazama. Iache hivyo hivyo.

21 Aprili

Kichujio nimekibomoa. Meseji zote zinaingia kwenye jedwali moja kama zilivyotumwa. Safu moja namba, safu ya pili maneno, na kijiji chenye maneno kinawaka pembeni mpaka mtu ayasome na kuweka jina lake. Asubuhi imerudi kuwa saa mbili.

22 Aprili

Saa mbili na nusu.

26 Aprili

Nimeandika taarifa mpya, kurasa tatu. Mara nne nilikuta nimeandika "mfumo ulikataa meseji". Mara nne nikafuta, nikaandika "nilikataa". Mama aliniuliza kama watanifukuza. Nikamwambia huenda. Akasema, "Basi utapumzika mgongo," akaendelea kuchambua maharage. Lakini nilimwona anafuta macho na kanga.

27 Aprili

Nimeipeleka wilayani kwa mkono wangu. Wamenipa tarehe ya kuhojiwa, tarehe kumi na tatu Mei. Nikawaomba barua ya kuitisha mkutano Kwemzizi. Karani hakutaka, kisha akaisoma ile ya tarehe tisa, akapiga mhuri.

4 Mei

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, maana uwanja ni tope. Watu walijaa mpaka mlangoni. Bi Mwanamisi alikaa dawati la mwisho karibu na dirisha, na dawati lile lilikuwa lake peke yake. Kristian alikaa mbele kabisa, kofia magotini. Bwana Rubeni alikuja. Sikumwomba. Alisimama ukutani na koti lililolowa.

Mwenyekiti alitaka nianze na maelezo ya mradi. Nikasema hapana, nina karatasi tano, nitazisoma. Nikasema naitwa Esteria, mimi ndiye ninayechora ile ramani. Nikasema niliwaambia wakubwa kwamba mpimaji wenu hakutuma, na kwamba nilisema uongo bila kujua, na kwamba kutojua kwangu kulikuwa uvivu wangu.

Kisha nikasoma. Ya kwanza, ya pili. Kwenye sufuria na vidole kuna mzee alicheka kidogo, akajizuia. Ya nne nilipoianza mvua iliteremka juu ya bati, nikasoma huku sauti yangu inamezwa. Ya tano niliisoma mpaka mwisho, mpaka swali lake.

Kristian akasimama. Ni mtu mrefu, anaongea chini.

"Alisema jina langu?"

"Alisema. Juu ya nyumba za akina Kristian."

"Tarehe tisa."

"Tarehe tisa, saa mbili na robo asubuhi."

"Hizo meseji zilikuwa wapi?"

"Kwenye kompyuta yangu. Sikuzifungua."

Alinitazama. Nilisubiri anitukane, na nilitamani anitukane. Akasema, "Tarehe tisa tulilala hapa, darasa hili. Yudith alilala pale." Akaonyesha pembeni mwa ubao. "Yeye ndiye aliyesema turudi, kuku wanalowa." Akaketi, akaikunja kofia mpaka ikawa ndogo.

Mwenyekiti alikuwa anatazama meza. Bwana Rubeni akatoka ukutani, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Na aliyesema wajaze patupu ni mimi." Akarudi ukutani.

Nilianza kukusanya karatasi. Ndipo Bi Mwanamisi aliposimama kule nyuma. Hakuwa na hasira usoni, wala furaha. Alikuwa amechoka, kama mtu aliyebeba kuni toka mbali na bado hajafika.

"Mwanangu," akasema, "ile ya tarehe tisa irudie. Mvua ilikuwa inapiga, wa nyuma hawakusikia."

Nikaitafuta ile karatasi. Nikasubiri mvua ipungue juu ya bati, nikaisoma tena.